Yi, Gui na Mshenzi: Maneno Yanayochukiwa Sanyuanli

Hekalu la Sanyuanli, kaskazini mwa Guangzhou, siku hizi limezingirwa na majengo marefu, barabara za juu na masoko ya jumla ya mabegi, viatu na nguo. Mwaka 1841 lilikuwa hekalu la kijiji, na waliofika kufukiza ubani walikuwa wakulima. Kwa masimulizi ya Wachina, hapo ndipo watu wa vijiji vya jirani walipokula kiapo, mwishoni mwa Mei mwaka huo, cha kuwakabili askari wa Uingereza waliokuwa wamezikalia ngome za vilimani. Vita vya Kasumba vilikuwa vimepamba moto. Mji ulikuwa umekubali kulipa dola milioni 6 za fedha ili usishambuliwe, na askari, huku wakisubiri malipo, walipora vijijini na kufukua makaburi. Tarehe 30 Mei ilinyesha mvua kubwa. Kikosi cha askari wa Kihindi kutoka Madras kilipotezana na wenzake katikati ya mashamba yaliyofurika, bunduki zake za gumegume zikalowa zisilie, na umati wenye mikuki na majembe ukakizunguka mpaka kilipookolewa na askari waliobeba bunduki mpya za fataki. Baadaye liwali wa Guangzhou alitoka nje ya mji akawasihi wanavijiji watawanyike.

Kijeshi lilikuwa tukio dogo. Kwa kumbukumbu ya taifa lilikuwa kubwa mno: mwaka 1961 mahali hapo paliingizwa katika orodha ya kwanza ya urithi wa kitaifa wa China, na kila mwanafunzi wa shule wa Kichina hulijua jina la Sanyuanli. Mikuki ilipowekwa chini, zilianza karatasi. Mabango yaliyobandikwa baada ya tukio hilo yaliwaonya Waingereza wasirudi, na yaliwaita kwa jina ambalo maofisa wa Kichina pia walilitumia katika barua zao za kila siku: *yi*. Miaka kumi na saba baadaye neno hilo lilipigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa. Si maneno mengi duniani yaliyofikia heshima hiyo.

Maana ya *yi* haikuwa siri. Tangu enzi za kale lilitaja watu wa mashariki waliokuwa nje ya dola za kati, kisha likapanuka likawa jina la wageni wa pande zote. Lilikuwa na harufu ya dharau, hilo halikanushiki, lakini halikuwa dharau tupu. Mencius, mwanafalsafa anayeheshimiwa baada ya Confucius, aliandika kwamba Shun, mfalme mwadilifu wa kale, alikuwa mtu wa Yi wa mashariki. Watawala wa nasaba ya Qing wenyewe walikuwa Wamanchu, na wapinzani wao waliwaita *yi*. Mfalme Yongzheng aliuona ugumu huo akaukabili waziwazi: katika kitabu alichotangaza mnamo 1730 alimkumbusha msomaji habari ya Shun na kudai kwamba neno hilo lataja mahali mtu alipotoka, wala halipimi utu wake. Mwanawe Qianlong alipokalia kiti alikipiga marufuku kitabu cha baba yake. Huenda aliona kwamba neno linalohitaji kutetewa na mfalme limekwisha kumshinda mfalme.

Kwa muda mrefu wakalimani wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India walilitafsiri *yi* kwa maana ya mgeni tu. Biashara iliendelea, chai ilipakiwa, na hakuna aliyeona haja ya kupigana kwa ajili ya herufi moja. Mambo yaligeuka katika miaka ya 1830. Mwaka 1832 Hugh Hamilton Lindsay, aliyefika Shanghai kwa jahazi lililoitwa Lord Amherst, aligombana na ofisa wa huko kuhusu neno hilo. Miaka miwili baadaye Lord Napier alifika Guangzhou akiwa msimamizi mkuu wa biashara ya Uingereza, na katika hati za Kichina alitajwa kwa cheo cha *yimu*. *Mu* ni jicho; pia ni kiongozi, kama Waswahili wanavyoweza kumwita mtu jicho la mji. Kwa Kiingereza cheo hicho kikageuzwa kuwa "Jicho la Kishenzi". Wala jina lake halikusalimika. Kichina hakina njia ya kuandika sauti bila kuandika maana, na katika herufi tatu zilizochaguliwa kulitamka jina la Napier mbili zilibeba maana ya kazi ngumu na ya unyonge. Aliarifiwa. Alikasirika, akaugua, akafariki Macau mwezi Oktoba 1834.

Mtafiti Lydia Liu, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu mgongano wa dola hizi mbili, ameonyesha jinsi *yi* lilivyofungwa nira moja na neno la Kiingereza *barbarian* hata yakawa kama neno moja lenye miguu katika lugha mbili. Tangu hapo Mwingereza alipoiona herufi hiyo hakuisoma tena kwa Kichina. Alikisoma Kiingereza chake mwenyewe, chenye kumbukumbu ya Wagiriki na Warumi, kisha akachukizwa na alichokisoma. Mkataba wa Tianjin, uliotiwa saini tarehe 26 Juni 1858, ulimaliza ubishi. Kifungu cha 51 kilikataza herufi hiyo isitumiwe kuitaja serikali wala raia wa Uingereza katika hati yoyote rasmi ya China. Watu hukisahau kifungu kilichotangulia, cha 50, kilichosema kwamba ikitokea tofauti ya maana kati ya nakala za mkataba, nakala ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Kifungu hicho ndicho kizito zaidi. Cha 51 kiliondoa neno moja. Cha 50 kilitwaa haki ya kuamua maneno yote yana maana gani.

Makarani wa Qing walitii. Mahali pa *yi* wakaweka *yang*, yaani bahari, na mambo ya nje yakawa mambo ya bahari. Msomaji wa Kiswahili hawezi kujizuia kutabasamu hapo, kwa kuwa yeye mwenyewe amebeba jina la ufukwe, la *sahil*, alilopewa na waliokuja kwa jahazi. Lakini mkataba uliwafunga makarani peke yao. Watu wa mitaani waliipokea *yang* mpya, wakaioanisha na neno jingine la zamani, wakapata *yang guizi*: mizuka ya ng'ambo. Mizinga iliyoweza kufuta herufi katika barua za serikali haikuwa na la kufanya sokoni.

Je, mwandishi wa Kiswahili anayesimulia habari hizi amwiteje *yi*? Akiandika "mgeni" atakuwa upande wa Yongzheng na wa wakalimani wa kwanza. Akiandika "mshenzi" atakuwa upande wa Lord Elgin, aliyeutia saini mkataba. Waandishi wengi wataandika mshenzi bila kufikiri, maana neno lipo tayari na linakaa vizuri kinywani. Hapo ndipo historia ya Guangzhou inapobisha hodi pwani ya Afrika Mashariki, kwani mshenzi naye ana kesi yake.

Wapo wanaolihusisha neno hilo na *Zanj*, jina ambalo Waarabu na Waajemi waliwaita watu weusi wa pwani yetu. Liwe hilo au lisiwe, matumizi yake ya karne ya 19 yanajulikana vyema. Mjini Zanzibar, Bagamoyo, Pangani na Mombasa watu waligawanywa kwa kipimo cha uungwana. Muungwana alikuwa huru, Mwislamu, mwenye nyumba ya mawe au angalau mwenye adabu za nyumba hiyo. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiye na dini inayotambulika, na mara nyingi ndiye aliyeletwa pwani akiwa na mnyororo shingoni. Neno halikueleza tu, lilihalalisha. Ukishamwita mtu mshenzi, kumuuza si dhambi kubwa. Kisha walowezi wa Kizungu wakaliokota, wakalikata kiambishi, na *shenzi* likaingia katika Kiingereza chao cha Kenya kutaja mbwa wasio na ukoo, kazi mbovu na watu wote wa nchi, waungwana wa pwani wakiwamo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake yamo katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903, alikuwa mtu wa dunia hiyo ya waungwana na washenzi. Alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili, akaoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipotaka kurudi nyumbani na mkewe serikali ya koloni ilikataa wasishuke Dar es Salaam. Adabu zote za Bagamoyo hazikumfaa kitu mbele ya ofisa wa bandari. Kwa macho ya ofisa huyo hapakuwa na pwani wala bara. Palikuwa na rangi.

Leo mshenzi ni tusi la kawaida, la kumrushia dereva aliyekata njia, na wengi walitumialo hawajui lilikotoka. Hilo linaweza kuhesabiwa kuwa maendeleo. Lakini ndugu yake, *ustaarabu*, bado ni neno rasmi la vitabu vya shule, na ndani yake Mwarabu ameketi wazi kama kipimo cha utu. Hakuna mkataba uliotutaka tulifute.

Turudi Sanyuanli, kwenye neno la pili, ambalo ni kongwe zaidi katika mji huo kuliko Mwingereza. *Gui* kwa Kichina ni roho ya mfu, hasa roho isiyo na wa kuitunza, ile inayotangatanga kwa njaa na kupewa sadaka katika mwezi wa saba. Kamusi nyingi hutafsiri "shetani", na tafsiri hiyo haifai sana, kwani shetani ni wa dini nyingine. Mzuka ndilo neno la karibu. Mwaka 1119 Zhu Yu, ambaye baba yake alikuwa ofisa Guangzhou, aliandika kwamba matajiri wa mji walimiliki watumwa weusi kwa wino, wenye nguvu nyingi, walioitwa *gui nu*, watumwa mizuka. Wataalamu wanahitilafiana kuhusu walikotoka. Wengine huwaweka katika visiwa vya kusini-mashariki mwa Asia, na wengine, kama Don Wyatt, wanaona kwamba Waafrika walikuwamo. Wala mapokezi ya watu weusi China hayakuanza na Zhu Yu. Kumbukumbu za nasaba ya Tang zinataja watumwa walioitwa *sengqi*, neno ambalo wanazuoni wengi hulisoma kuwa Zanj, waliotolewa na mtawala wa Java kama zawadi kwa mfalme wa China mwanzoni mwa karne ya 9, katika orodha moja na kasuku wa rangi tano.

Katika maelezo ya Zhu Yu kuna jambo linalouma kuliko rangi. Anasema kwamba mateka hao, wakishakaa muda mrefu, huweza kuyafahamu maneno ya wanadamu lakini wenyewe hawawezi kuyasema. Maneno ya wanadamu, maana yake Kichina. Pengine hawakuweza. Pengine pia waliona kwamba mtumwa anayefahamu na kunyamaza ana nafasi ndogo ya faragha ambayo msemaji hana. Zhu Yu hakuwauliza, na hata angewauliza, kwa maelezo yake mwenyewe, hawangemjibu.

Tangu hapo *gui* halikuondoka katika delta ya Mto Lulu. Wareno walipojenga Macau katika karne ya 16 walikuja na Waafrika, wengi wao kutoka pwani ya Msumbiji, na waandishi wa Kichina wakawavisha jina lilelile. Askari wa Kihindi waliolowana mashambani mwaka 1841 nao walikuwa, kwa lugha ya Guangzhou, mizuka weusi, na makamanda wao mizuka weupe. Kwa hiyo wakati fulani jina lilimgusa kila mgeni. Lakini tazama lilivyofanya safari tofauti. Mzungu wa Hong Kong leo hujiita mwenyewe *gweilo* kwa Kikantoni na kucheka, hata pombe ya bia imepewa jina hilo. *Hak gwai*, mzuka mweusi, halijapata kuwa chapa ya kinywaji. Aliyeshinda vita huweza kulifanya tusi mzaha. Aliyefika kama bidhaa, na wajukuu zake wakarudi kama wateja, hana uhuru huo.

Wateja hao walianza kuonekana kwa wingi Guangzhou mwishoni mwa miaka ya 1990. Maonyesho ya biashara ya Canton yalikuwa yakifanyika tangu 1957, lakini sasa mfanyabiashara hakuhitaji tena kualikwa na serikali. Alihitaji viza, dola na ujasiri. Sanyuanli, hasa kando ya barabara ya Guangyuan Xi lilipo soko la nguo la Canaan, pakawa kitovu cha Wanaijeria, wengi wao Waigbo. Waafrika Mashariki na Wakongo walielekea zaidi Xiaobei, kilomita chache kusini, ila mzigo haujui mipaka ya mtaa, na mfanyabiashara wa Kariakoo, Gikomba au Owino anayetafuta mikoba ya ngozi hana budi kufika Sanyuanli.

Huko hukutana na ugumu ambao hakuna kamusi ya mfukoni iwezayo kuuondoa. Kiswahili ni lugha ya mkazo, si ya toni, na mkazo wenyewe hauna kazi kubwa ya kutenga maana. Walimu wetu wana mfano mmoja mashuhuri, *barabara* ya magari na *barabara* ya sawasawa, wanaurudia kila mwaka kwa kuwa mifano mingine ni haba. Kwa Kichina mfano huo ndio lugha yenyewe. Kununua ni *mai*, na kuuza ni *mai*. Zinatengwa na jinsi sauti inavyoshuka na kupanda, au inavyoshuka tu. Yaani maneno mawili ambayo mfanyabiashara anayahitaji kuliko yote ni yaleyale mawili ambayo sikio lake haliwezi kuyatenga. Kisha kuna neno la lazima katika kupatana bei, *tai gui*, ghali mno. *Gui* hilo si lile la mizuka. Herufi yake ni nyingine na toni yake ni nyingine, na ndilo hilohilo lenye maana ya thamani na heshima, linalotumiwa kumuuliza mtu jina lake kwa adabu. Lakini kwa sikio geni ni silabi moja. Mwafrika katika soko la Sanyuanli huitamka mara mia kwa siku akilalamikia bei, na huisikia nyuma yake asijue kama wanamtaja yeye au wanautaja mkoba. Mji wa watu wanaozungumza Kikantoni na Kichina sanifu kwa pamoja huongeza utata: hata atakayeizoea sauti ya kwanza ataikuta imebadilika kwa ya pili. Hapo si ajabu mtu akaamua kutumia kikokotoo, ambacho muuzaji na mnunuzi hupokezana kimyakimya, tarakimu kwa tarakimu. Kuna kitu cha Zhu Yu katika picha hiyo, isipokuwa safari hii wote wawili wamenyamaza.

Neno lisilosahauliwa na yeyote ni *pengyou*, rafiki. Muuzaji humwita hivyo kila apitaye. Kwa mtu wa Tanzania wito huo una mwangwi wa pekee, kwa sababu urafiki ulikuwa neno la serikali kabla ya kuwa neno la soko. Redio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961. Nyerere alizuru China 1965. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, kikaitwa Urafiki, na mpaka leo jina hilo ni la mtaa. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa 1976. Khanga na vitenge vya Urafiki vilivalishwa nchi nzima, kisha vikaja kupambana na vitambaa vya bei nafuu kutoka viwanda vya China vyenyewe, ambavyo husafirishwa kwa makontena na wafanyabiashara wa Kitanzania wanaoitwa *pengyou* mlangoni mwa kila duka. Wakati huohuo Kiswahili cha mitaani kiliingiza *Kichina* kwa maana ya kitu kisichodumu. Simu ya Kichina, viatu vya Kichina. Wachina wanaojifunza Kiswahili hulikuta neno hilo mapema, na si vigumu kukisia wanavyojisikia.

Magazeti ya Guangzhou nayo yalizusha jina la "Jiji la Chokoleti" kwa mitaa ya Waafrika. Lilikusudiwa kuwa tamu. Wakazi wengi hawakulipenda, na kwa haki, kwani chokoleti ni kitu cha kuliwa. Wapo pia wanaolalamikia *Feizhou*, jina lenyewe la Afrika. Uingereza hivi leo huandikwa kwa herufi ya *ying*, shujaa. Marekani *mei*, uzuri. Ujerumani *de*, uadilifu. Ufaransa *fa*, sheria. Afrika imepewa *fei*, ambayo maana yake ni "si" au "kosa". Herufi ilichukuliwa kwa ajili ya sauti, hilo ni kweli, na Mchina anayelitamka jina hilo hafikirii kosa kama vile Mswahili anayesema ustaarabu hamfikirii Mwarabu. Hata hivyo katika siku za Vita vya Kasumba jina la Uingereza liliandikwa kwa herufi zilizoongezewa alama ya mdomo, ishara ya sauti tupu isiyo na maana, na Waingereza walilichukia hilo pia. Alama ya mdomo ikaondoka. Shujaa akabaki.

Mwezi Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli za Guangzhou wakalala barabarani, wakiwamo waliokuwa na vyeti vya kuonyesha kwamba hawana maradhi. Mgahawa mmoja uliweka mlangoni tangazo la Kiingereza lililosema kwamba watu weusi hawaruhusiwi kuingia. Picha ya tangazo hilo ilizunguka dunia. Maneno yake yalikuwa ya adabu kabisa. Hapakuwa na *gui*, hapakuwa na *yi*, hapakuwa na herufi hata moja ambayo Lord Elgin angeomba ifutwe. Mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing walimwandikia waziri wa mambo ya nje barua ya pamoja. Serikali ilijibu kwamba China huwatendea sawa wageni wote.